Siku Niliyosema Tuko Nane

Nina elimu ya kidato cha nne, na kwenye Hisabati nilipata F, ile herufi anayopewa mtu aliyeandika namba yake ya mtihani vizuri. Mume wangu hunitania nayo kila chumvi ikizidi. Mimi ni mtu wa nyumbani. Kutoka hapa Didia kwenda Shinyanga mjini naona ni safari ya kuagwa, na nikifika huko kazi yangu ni kuwawaza kuku. Ndiyo maana mambo mengi yaliyonipata maishani yamenikuta nimekaa mkekani, na hili mojawapo.

Binti yangu yuko darasa la tano. Mwalimu wake wa Hisabati ni msichana mdogo aliyeletwa shuleni kwetu mwaka huu. Siku ya kikao cha wazazi niliingia darasani kwake nikatafuta kwa macho fimbo ilipo. Sikuiona. Niliona ndoo ya vizibo vya soda, vijiti vimefungwa kumi kumi, na madawati yamegeuzwa watoto wanatazamana kama wako harusini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwalimu. Sasa hapa mnachapia nini?"

Akacheka. "Mtoto akikosa simchapi, mama. Namuuliza amepataje. Mara nyingi akianza kunieleza anajikamata mwenyewe."

"Asipojikamata?"

"Tunarudi hatua kwa hatua mpaka tulione kosa."

Nikamwambia mimi makosa yangu yalikuwa yanaonekana kwa nyuma, kwenye sketi. Wazazi wakacheka, nikakaa nikijiona mchangamfu. Viganja vilikuwa vimelowa jasho. Harufu ya chaki hunifanya hivyo mpaka leo.

Mwalimu wetu sisi aliamini kuna watu wamezaliwa na hesabu na kuna watu wamezaliwa kulima pamba, na kwamba yeye serikali imemlipa kututenganisha. Hakusimama mbele. Alitembea nyuma yetu kwa viatu vya soli ngumu, na vikinyamaza mgongoni kwako unatakiwa uwe na jibu. Umelipataje hakutaka kujua. Hata sasa nikiwa nimeinama kupepeta nafaka, mtu akaja akasimama nyuma yangu, tebo ya saba inaanza kunitoka yenyewe.

Nilikuwa darasa la tatu viatu viliponyamaza nyuma yangu.

"Kwenu mko wangapi?"

Kwetu watu hawahesabiwi. Ng'ombe vilevile. Baba alisimama mlangoni mwa zizi akiwatazama wanavyoingia kwa rangi na pembe zao, na akikosekana mmoja alimjua ni yupi kabla ya wa mwisho kupita. Lakini muulize idadi, atakwambia wapo. Kutaja namba ni sawa na kumwelekeza mpita njia usiyemjua mahali walipolala wanao. Nikajibu nilivyolelewa.

"Tupo, mwalimu."

Fimbo ya kwanza. "Wangapi?"

"Tupo tu, mwalimu."

Fimbo ya pili. Nikafumba macho, nikawapitisha mmoja mmoja kichwani huku nikikunja vidole chini ya dawati.

"Nane, mwalimu."

"Kumbe unajua. Ukaidi tu." Viatu vikaendelea na safari.

Mvua za mwaka ule hazijakatika, mtoto wetu wa mwisho, ambaye alikuwa bado ananyonya, alishikwa na homa. Siku ya tatu tukamzika. Bibi alikaa mlangoni, akasema bila kumtazama mtu, "Kuna mtu katuhesabu." Mimi nilikuwa nyuma yake nachambua mboga. Sikumwambia mtu yeyote kuwa ni mimi, mpaka mwaka huu.

Tangu hapo mimi na nane hatukai chumba kimoja. Nikihesabu, nikifika saba napumua kwanza. Viazi napika saba, au tisa. Kwenye mtihani wa mwisho niliruka kila swali lenye nane, na sijui watunga mitihani wanaipendea nini namba ile. Watu wakasema sina kichwa cha hesabu. Nikaona afadhali waamini hivyo.

Sasa muhula uliopita binti alirudi na kazi ya takwimu kwa picha. Kila mtoto achore watu wa nyumbani kwao, kichwa kimoja kwa mtu mmoja, halafu darasa zima walinganishe. Mimi nilikuwa mkekani namenya karanga. Akakaa karibu yangu, akafungua daftari.

"Naanza na baba," akasema.

Baba yake yuko machimboni, huko Geita. Anashuka duarani, lile shimo wanaloingia kwa kamba kuufuata mwamba wenye dhahabu. Nilimpokonya daftari penseli haijagusa karatasi.

"Hutatuhesabu."

"Mama! Nitakuwa peke yangu sina kazi."

"Kuwa."

"Nimwambie nini mwalimu?"

"Mwambie tupo."

Angelia, ningeshinda. Hakulia. Alirudisha penseli kwenye begi taratibu, akasema, "Basi na mimi Hisabati sitaki tena." Na huyu ndiye mtoto anayezidisha namba kichwani huku anaruka kamba. Nilikiona kile kitu kikitoka kwangu kinahamia kwake, mchana kweupe, nimekikodolea macho.

Ikabidi nimweleze. Viatu, fimbo mbili, nane, mtoto, maneno ya bibi. Nilidhani ataogopa. Akaniuliza kama walivyozoeshwa.

"Ulipataje nane?"

"Niliwahesabu."

"Nionyeshe."

Akachota karanga kwenye ungo. Kila ninayemtaja, punje moja mkekani. Baba. Mama. Bibi. Baba mdogo. Kaka zangu wawili. Mdogo wangu wa kiume. Mtoto.

"Nane," nikasema.

"Na wewe?"

"Mimi nini?"

"Wewe ulikuwa unaishi kwa nani, mama?"

Akaweka punje ya tisa. Alifurahi kama ameokota kitu. "Ulijisahau! Wengi darasani kwetu wanakosea hivyohivyo, wanahesabu wenzao tu. Mama, ulikosa. Sasa utamdhuruje mtu kwa jibu la kukosa?"

Nikacheka naye. Miaka yote hiyo, kumbe F yangu ilianzia pale! Halafu, mkono tu, bila kufikiri, nikaiondoa punje ya mtoto.

Zikabaki nane.

Nilisema nane tukiwa tisa. Mvua zilipokatika tulikuwa nane. Siku zote niliamini nilitoa jibu sahihi likatudhuru. Sasa nikaona nilitoa jibu la kosa, na kitu fulani kikaja nyumbani kwetu kulisahihisha.

Binti hakuliona hilo. Nilizikusanya karanga haraka, nikazitupa kwenye ungo pamoja na nyingine.

"Haya, chora."

"Kweli, mama?"

"Chora. Lakini anza na wewe mwenyewe. Kisha mimi. Usimruke mtu."

Akatuhesabu. Nikamwambia arudie. Akarudia. Nikamwambia atuhesabu kuanzia mwisho kuja mwanzo.

"Mama, umekuwa mkali kuliko mwalimu."

"Shangazi yako umemweka?"

"Shangazi si mgeni tu, anaondoka mwezi ujao?"

"Ameondoka?"

"Hajaondoka."

"Basi mweke."

Alipofika kwa baba yake, penseli ikasimama yenyewe. Akanitazama. Nikapiga simu, nikarudia tena na tena, haikupatikana. Chini kule hakuna mtandao. Tukakaa. Karanga zikaisha kumenywa, tukawa tunakaa tu, na nafasi yake kwenye karatasi iko wazi. Sikutaka achorwe akiwa bado chini. Jua lilipoanza kushuka, akapiga mwenyewe.

"Nimetoka. Kuna nini, mbona umepiga mara saba?"

"Mwanao anatuhesabu. Kazi ya shule."

Na yeye ni Msukuma, kwao pia watu hawahesabiwi. Nikasikia watu wakigonga mawe nyuma yake.

"Mwambie anihesabu vizuri," akasema baadaye. "Mguu mmoja umevimba, asije akaniandika nusu."

Nikampa binti ishara. Akachora kichwa, akakivalisha na kofia.

Kazi yake imebandikwa ukutani darasani, na Hisabati anaipenda kama zamani. Mimi nimebaki na tabia moja. Kila jioni, saa zao za kupanda kutoka duarani, nampigia mume wangu. Akipokea nasikiliza anavyohema, namuuliza habari za mguu, nakata. Wiki iliyopita alichoka.

"Mama watoto, hebu sema ukweli. Nyumbani mmeishiwa nini?"

"Hatujaishiwa kitu," nikamwambia. "Nahakiki jibu."