Mikizi Wakataa Minyoo ya Kibugu

Mzee Nyamu wa Kibugu alijua kuvua samaki wa mtoni, kwa hiyo yeye na mkewe walipomtembelea binti yao Kendi huko Kilifi, pwani, alibeba mkebe wa minyoo kutoka shamba lake la chai. Siku tatu mikizi, samaki wa baharini, walipita karibu na ndoana yake bila kuigusa.

“Samaki wa huku wana madharau!” akalalamika.

Mkewe Wambeti alikuwa kando yake akila mkate, na makombo yakaanguka majini. Mikizi wakayakimbilia. Wambeti akatia kipande cha mkate kwenye ndoana, na punde akavuta mkizi mnene, huku Nyamu akimshikia kofia.

Waliporudi Kibugu, Nyamu aliwasimulia majirani, “Tulimvua kwa nguvu sana.”

“Baba Kendi,” Wambeti akasema, “wewe ulishika kofia tu.”