Ubao wa Mama Vipimo

"Samaki keshakufa, jirani, unampima ya nini? Unataka kumshonea suruali?"

Fundi cherehani wa nyumba ya pili alimuuliza hivyo siku moja, na mtaa mzima ukacheka. Tangu hapo akaitwa Mama Vipimo, naye alilipokea jina kwa moyo mweupe, maana kazi yake ilikuwa hiyo hiyo: kukaa bandani ndani ya hifadhi ya bahari na kumlaza kila samaki juu ya ubao wenye namba, awe wa mvuvi wa kuuza au wa mtu aliyekuja kuvua kwa kujifurahisha. Kichwa kiguse kibao cha kichwani, kilichosimama mwanzoni mwa ubao, mkia uangukie kwenye namba, namba iingie daftarini.

Mwaka huo namba zilishuka ghafla. Samaki wote, wa kila aina, wakawa wafupi. Mkuu wa hifadhi akasema wazi kwamba wakijaa wadogo namna hii, Alhamisi mwamba wa karibu utafungwa miaka miwili. Na mwamba huo ndio uliomlisha mdogo wake Mama Vipimo, mumewe mvuvi na watoto wao sita. Shemeji yake, aliyezoea kumtania, akawa anampita bandani kama apitaye nguzo. Mama Vipimo aliumia, lakini namba ya uongo hakuweza kuiandika. Mungu anaona hata mkia wa samaki.

Jumatatu akaja daktari wa meno, mvuvi wa kujifurahisha. Alisema samaki wake ana sentimita arobaini na mbili, kampima mwenyewe chomboni. Ubao ukasema arobaini. Mama Vipimo akatabasamu tu, maana samaki wa wavuvi kama hao huwa warefu zaidi mdomoni. Jumanne daktari akarudi na watatu, akadai kila mmoja kapunjwa sentimita mbili. Si moja, si tatu. Hapo Mama Vipimo akautazama ubao upya. Mwongo, alijua, hakai kwenye kipimo kimoja.

Alipotoka kazini akaazima futi ya fundi cherehani, ambaye alitaka kujua kama suruali imepata mteja. Akailaza juu ya ubao, kuanzia kibaoni. Miezi mitatu nyuma kibao cha kichwani kilioza, seremala akaweka kingine chembamba na kupaka rangi safi. Kati yake na alama ya sifuri pakabaki nafasi ya sentimita mbili. Naye macho yake siku zote yalikuwa mkiani.

Asubuhi aliingia kwa mkuu, ubao kwapani, tayari kufukuzwa. Mkuu akapima mara mbili, akavua miwani, akauliza kibao kilibadilishwa lini. Tarehe ilikuwamo daftarini, kwa mwandiko wa Mama Vipimo mwenyewe. Mkuu akacheka, akasema kosa lenye kipimo halijamshinda mtu: ongeza mbili kwa kila samaki tangu siku hiyo. Wakaongeza pamoja hadi adhuhuri. Samaki hawakuwa wamefupika hata kidogo, na mwamba haukufungwa. Mama Vipimo alimshukuru Mungu palepale, ameshikilia kiti.

Shemeji naye akaja bandani, kichwa chini.

"Kumbe ulikuwa unawakata vichwa samaki wetu," akamwambia, "na mimi nikakukatia salamu. Tumetoka sare, shemeji."

Wakacheka mpaka daftari likaanguka.

Mkuu alipomuuliza anahitaji nini kwa kazi yake, hakufikiri sana.

"Naomba ubao wa chuma, mkuu, na futi ya kuupimia kila Jumatatu, wavuvi wakiwa wanaona."