Ubao wa Mkwaju kutoka Lobule

Niliondoka Arua kwa sababu ya sahani ya nyama iliyorudi jikoni bila kuguswa.

Wakati ule, katika ile miaka ya utawala wa wanajeshi, nilikuwa na hoteli ndogo ya chakula karibu na soko. Wateja wangu walikuwa wa namna mbili. Wakulima wa Aroi na Dadamu walipenda mchuzi wa ndezi, mnyama wa porini kama panya mkubwa, ambaye Waislamu wa mjini kwetu hawamgusi. Waislamu wenyewe, wengi wao Wanubi, walifuata nyama ya ng'ombe aliyechinjwa na mtu wao. Kwa hiyo nilikuwa na mbao mbili za kukatia: wa mfenesi, wa manjano, kwa ng'ombe, na wa mwembe, mweupe, kwa ndezi. Wa kwanza kula kila mchana alikuwa Mama Sauda, Mnubi msuka vikapu, shoga yangu wa miaka mingi. Yeye akikaa, wenzake walikaa.

Lakini moshi hauna adabu. Baada ya mwaka mmoja mbao zote mbili zilikuwa kahawia tupu. Siku moja Mama Sauda aliingia jikoni kuomba chumvi, akaziona zimeegemea ukuta, akaniuliza upi ni wa ng'ombe. Nikatazama. Nikatazama tena. Alisubiri mpaka akaniona nimeshindwa, akarudi mezani, akafunika sahani yake na kuniaga kwa upole. Wiki ile ile akaenda Koboko kumtunza binti yake aliyejifungua. Wenzake nao wakaacha kuja. Hakunigombeza, na hilo ndilo lililoniuma. Ningependa anigombeze.

Nikaamua kumfuata Koboko na ubao usioweza kuchanganywa na mwingine. Asubuhi ya safari nilipitia kwanza kwa Fundi Onzima, seremala wa mtaa wetu. Wazo langu lilikuwa kupaka rangi, akalikataa: rangi ingebanduka na kuingia kwenye mchuzi. Mvule alikuwa nao, ila bei yake ilinifanya nicheke peke yangu. Hata ningeupata bure, alisema, usingenisaidia.

"Mvule leo iko manjano, embe iko nyeupe, wewe unafurahi," akasema. "Moshi itapika yote mbili, itakuwa sawa tena. Tafuta moyo ya mukwaju. Ile iko nyeusi mpaka mwisho."

Akanielekeza kwa Lemi, mkulima wa Lobule, karibu na Koboko, ambaye mkwaju wake mkubwa uliangushwa na upepo. Akanipa na ushauri mmoja ninaoushukuru hadi leo: nisilinganishe mbao mpya kwa mpya. Basi nikakata kona ya ubao ambao fundi, baada ya kuukwangua, aliutambua kuwa wa mwembe, ukiwa na kahawia yake yote, nikaitia kikapuni.

Njiani nilipanda lori la tumbaku, nikakaa juu ya magunia pamoja na akina mama waliotoka sokoni. Mmoja alichungulia kikapu changu akaona kipande kile cha ubao. Akaniuliza kama nimesikia Koboko hakuna kuni. Walicheka tangu Dadamu hadi tulipoanza kumeza vumbi, na mimi nikacheka nao, maana kulieleza jambo lenyewe kungechukua safari nzima. Moyoni sikuwa na raha. Nilikuwa nikiwaza nitamwambia nini Mama Sauda nikimkuta.

Lobule, saa za mchana, nilishuka nikaulizia kwa Lemi. Nilimkuta akimenya muhogo na mkewe. Ni mtu wa maneno machache, mrefu, mwenye haya. Nilipomweleza shida yangu hakucheka. Alinawa mikono akaniongoza nyuma ya nyumba, kwenye rundo lake la mbao.

Mwanzo macho yangu yaliangukia ubao mmoja mwekundu mzuri, umelala pembeni bila kazi. Lemi alisema naweza kuuchukua bure. Kisha akakwangua kidogo akaniambia nionje. Ulikuwa mwarobaini, na uchungu wake ulikaa kinywani hadi jioni. Akanionyesha na mkaratusi, ambao ni rahisi kupatikana, lakini ulikuwa umeshaanza kupasuka kabla haujapata kazi. Mwisho akavuta kipande cha mkwaju. Kikiwa kikavu kilionekana cha kawaida, chenye vumbi. Akakimwagia maji.

Nilishtuka. Katikati kiligeuka cheusi chenye wekundu wa mbali, kama ini, na pembeni kikabaki na rangi ya uji. Nikaweka juu yake ile kona ya mwembe iliyoungua moshi. Hata nilipofumba jicho moja, rangi hazikufanana.

Kasoro ilikuwa moja: moyo wa mkwaju ni mwembamba. Ili kupata ubao mpana ingebidi kuunganisha vipande, na gundi katika maduka ya wakati ule ilikuwa ndoto. Lemi akapima kwa kiganja.

"Wacha hii nyeupe ikae kando yake," akasema. "Upana iko kidogo, lakini nyama utakata kidogo kidogo. Ukilazimisha iwe kubwa, itaachana."

Alipasua kwa msumeno polepole, akisimama mara kwa mara kunoa meno, kwa sababu mti ule unaua chuma. Nilimlipa kwa mche wa sabuni, kitu kilichotafutwa siku zile kuliko fedha. Mkewe aliunusa akauficha kifuani.

Koboko tulifika alasiri, Lemi akinibeba kwenye karia ya baiskeli yake. Mama Sauda alikuwa barazani na mjukuu mapajani. Alinikaribisha kwa chai ya tangawizi, tukaulizana habari za nyumbani mpaka zikaisha. Ndipo nikautoa ubao. Aliumwagia maji, akauweka karibu na kona ya mwembe, akaugeuza upande wa pili.

"Hii hata gizani naona," akasema. Kisha akapitisha kidole juu yake kama anayekata. "Na kisu, Mama Ezati?"

Tangu Arua nilikuwa nimewaza miti tu, na kisu kilikuwa kimoja. Mama Sauda alicheka mpaka mtoto akaamka. Akaingia ndani akatoka na kisu chake, akakifunga pamoja na ubao kwenye kitambaa. Hakusema kama atarudi kula kwangu. Nami sikuthubutu kuuliza.

Wakati wa kurudi, kesho yake, askari kwenye kizuizi cha barabarani alifungua furushi langu akataka kujua mwanamke ana shughuli gani na kisu na mti mweusi. Nikamweleza yote, ndezi na ng'ombe. Alisikiliza kwa makini kuliko nilivyotarajia, akafunga furushi mwenyewe, akauliza kuhusu maji ya kuoshea. Nilipofika Arua nikanunua beseni la pili.

Haya ndiyo niliyojifunza kuhusu ubao: uulinganishe na ule uliozeeka, uulowanishe ndipo uuchague, uuonje kabla ya kuupa nyama. Nilidhani elimu ya safari imeishia hapo.

Arobaini ya mtoto ilipokwisha, Mama Sauda alirudi. Nilimwona akikata kona mchana, nikakimbilia jikoni, nikautwaa ubao mweusi, sasa wa ng'ombe peke yake, nikasimama nao mlangoni ili auone vizuri. Alivuta kigoda, akakigeuza, akakaa akiligeuzia jiko mgongo. Akaanza kunisimulia jinsi mjukuu anavyonyonya, akaomba chakula. Wenzake wawili wakaingia, wakakaa karibu naye.

Nilibaki nimesimama na ubao mikononi. Hakugeuka hata mara moja kuuliza upi ni wa ng'ombe. Alikula, akaomba aongezewe mchuzi.