Nyumba ya Mwisho kwenye Ramani

Juzi, katika ofisi moja hapa Mbarara, mbele yangu kwenye foleni alisimama mama Mkongomani kutoka kambi ya wakimbizi ya Nakivale. Alikuwa ameleta ombi la bomba la maji, na ramani ikiwa ndani ya kompyuta yake, imechorwa kwa herufi na alama tu: vistari ndivyo bomba, alama za kujumlisha ndizo kona, herufi ndizo nyumba.

“Mama, hii ni maandishi tu,” karani akasema. “Hapa tunachukua picha.”

“Bamama ba kanisa tuliandika kwa mesaji. Kila mumoja alitia nyumba yake fasi yake, pale inakaa. Ngoja kidogo, baba.”

Akafungua ukurasa mweusi wa kuipa kompyuta amri, akaandika mstari mmoja wa kugeuza maandishi kuwa picha. Ukakataa. Akasogeza uso karibu na kioo, akarudisha kistari kilichosahaulika, akaandika tena. Safari hii ramani ikatoka picha kamili, kila nyumba kwenye kisanduku chake.

Karani aliitazama, kisha akagusa kisanduku cha mwisho, kilichokaa mbali peke yake. “Hii toa. Bomba itakuwa fupi.”

“Ile ni ya mama mjane. Maji itafika kwake.”

“Si unabonyeza mara moja tu?”

“Mara moja tu,” alikubali, na kufunika kibodi kwa viganja vyote viwili.

Karani aliipokea picha jinsi ilivyo. Nami tangu siku hiyo najiuliza ni wajane wangapi wanachota maji mbali kwa sababu mtu fulani, kwenye kaunta fulani, alibonyeza mara moja tu.