Boga langu la mbegu limeteremka mlima

Boga langu la mbegu limenikimbia leo, na mimi nimesimama tu kama mnazi!

Lilikuwa juu ya paa la jiko, nikataka lishushwe. Mjukuu wangu Tekla, yuko kidato cha nne, akasema:
"Bibi, nimepiga hesabu. Likiangukia majani laini litasimama polepole, halitagonga kwa nguvu."

Na kiuno hiki, ningepanda mimi?

Akalundika majani makavu ya maharage. Akapanda, akalisukuma.

Puu! Halikupasuka! Nikapiga vigelegele.

Weee! Likabiringika. Likaruka shimo la ngolo, haya mashimo yetu ya kulimia mteremkoni, la kwanza, la pili, likapotelea bondeni.

"Bibi, mada ya kubiringika hatujaifikia shuleni."

Anayeandika haya ni yeye, namtamkia. Aandike na aibu yake.

Jamani wa bondeni, boga kuleni. Mbegu nirudishieni, sina nyingine.