Mgongo wa Gauni la Damu ya Mzee

Nimenenepa. Nasema mwenyewe kabla hujaambiwa na majirani. Wiki iliyopita zipu ya gauni langu la kanisani ilipasuka nikiwa nimekaa tu, sijainama wala sijacheka. Na kwa kuwa mimi ni mtu wa ndani, safari yangu ndefu ni ya kutoka sebuleni hadi uani, niliona heri nishone mwenyewe kuliko kwenda mjini Musoma fundi anizungushie futi kiunoni watu wakiangalia. Nikaifuta vumbi cherehani ya marehemu bibi. Droo yake ilikuwa imekwama kwa kutu. Nilipoichokonoa kwa bisibisi ilitoka na bahasha ya karatasi za kukatia gauni, na juu yake, pichani, alikuwepo yule mzungu mwembamba, mkono kiunoni, kavaa gauni la kubana, anacheka kama mtu ambaye hajawahi kupigwa maishani.

Nikakaa chini sakafuni. Kwa mwili huu, ujue, kukaa sakafuni ni uamuzi mkubwa.

Nilikuwa darasa la tano, naishi kwa bibi, nyumba ya pili kutoka ziwani. Uani kwetu kulinuka dagaa walioanikwa na mafuta ya cherehani. Miaka ile kila mtu alikuwa anapiga mtu. Mwalimu wa hesabu alitupiga kwa bomba la plastiki, jirani alimpiga punda, punda alimpiga teke mtoto wa jirani, na bibi alikuwaga na ndala moja ya kulia ambayo ingeweza kukata kona na kukufuata nyuma ya choo. Tulihesabiana alama kwa majivuno. Mimi sikuwa na nyingi. Nilikuwa mwoga, na mwoga hujifunza kusema uongo mapema.

Halafu akaja mama mdogo. Alishuka kwenye lori la samaki kutoka Bunda, akaingia uani na kukaa kwenye kigoda kiubavu, bila kuegemea ukuta. Bibi akamtazama, akaenda kuchemsha maji na chumvi.

Mumewe alichimba dhahabu Buhemba, akirudi nyumbani kila baada ya wiki mbili na waya wa umeme aliouning'iniza nyuma ya mlango. Alikuwa fundi kwa namna yake. Usoni hakugusa. Mikononi hakugusa. Alipiga pale tu khanga inapofunika. Vikao viwili vya ukoo vilikuwa vimekwisha kukaa, na mara zote mbili wazee walimtazama mama mdogo, wakaona uso mzima, shavu limejaa, wakamwambia, "Binti, rudi ukavumilie." Na mwanamke gani angevua khanga mbele ya wakwe zake aonyeshe mgongo? Aibu ingekuwa yake, si ya waya. Kikao cha tatu kilipangwa Butiama, Jumamosi, kwa kaka mkubwa wa bibi. Kikisema arudi, anarudi. Na sote tulijua kwamba safari hiyo angerudi kufa.

"Safari hii siendi nimejikunyata kama kuku wa mvua," akasema. "Mama, nishonee gauni la kubana. Wanione mtu."

Bahasha ile ilitoka kwa jirani yetu, mzee wa Kiislamu aliyekuwa fundi nguo sokoni, ambaye aliikuta ndani ya belo la mitumba. Ndiye aliyetupa na kitambaa, kizito, rangi ya damu ya mzee. Bibi alikuwa bingwa wa magauni mapana ambayo mtu na mgeni wake wangeingia pamoja. Nguo ya kubana hakuwahi kuijaribu.

"Mama, hiyo inataka darasa," jirani alimtania juu ya ua wa matete. "Ukikosea inchi moja, umeshona soksi."

"Wewe shona kanzu zako," bibi akamjibu. "Mimi nina msomi hapa."

Msomi ni mimi. Nilitandaza karatasi zile laini sakafuni, zimejaa mistari, nukta na mishale, nikawa nasoma Kiingereza kwa sauti kubwa. Nilichokielewa ni namba za kurasa. Mama mdogo alipopimwa, bibi alishika futi bila kuikaza, na kila ilipogusa mgongo mama mdogo alivuta pumzi kwa meno. Bibi akaacha kupima. Akafunga macho, akaandika namba kwa kukisia.

Sasa dhambi yangu. Asubuhi ya Alhamisi nilitumwa kuwasha mkaa wa pasi. Mkaa ulikuwa mbichi, haushiki. Kando ya cherehani nikaona karatasi imedondoka, nyepesi, kavu, inalia kama jani la mahindi. Nikaikunja, nikaitia chini ya mkaa. Iliwaka vizuri mno. Ndipo nikaona mshale mmoja ukigeuka kahawia ndani ya moto, nikajua nimechoma mgongo wa gauni.

Bibi aliutafuta mgongo huo siku nzima. Alipindua magodoro. "Mke mwenzangu," alikuwaga ananiita hivyo akiwa na furaha au akiwa na hasira, "hujaona karatasi?"

"Sijaona, bibi. Labda panya."

Akaniangalia. Ndala ilikuwa mguuni. Ikabaki mguuni.

Mwishoni akasema basi, tutakata mgongo kwa karatasi ya mbele. Tatizo ni kwamba mbele ya gauni lile palikuwa na shingo ya V iliyoshuka hadi chini ya kifua, halafu ikazibwa kwa kipande cha pembetatu. Mgongo nao ukawa na V ile ile, ndefu, hadi karibu na kiuno. "Tutauziba nao," bibi akasema. "Kitambaa kikitosha."

Ijumaa mchana mumewe akaja. Pikipiki iliingia uani hadi kwenye dagaa. Kwetu mkwe wa kiume hamkaribii mama mkwe, anampisha njia, hata sahani hapokei mkononi mwake. Yule alimpita bibi kama anapita gunia. Alimkamata mama mdogo nywele, akamburuza juu ya samaki, magamba yakimganda usoni, na hata hapo usoni hakupiga. Nilisikia kiatu kikiingia mbavuni, sauti kama ya kupiga godoro. Mimi nilikuwa nimeshika mkasi mkubwa wa bibi. Ningekuwa mtoto wa maana ningemchoma. Nilikojoa.

Bibi alikuwa anapiga pasi. Alinyanyuka nayo, kifuniko kikiwa wazi, akammwagia makaa yote kuanzia begani. Mwanamume yule alipiga yowe, akaruka, shati likitoa moshi, akaangusha pikipiki yake mwenyewe. Jirani akaruka ua wa matete, mzee mzima, na fimbo ya kupimia vitambaa.

"Gusa tena!" bibi alimwambia, pasi tupu mkononi. "Gusa tena nikunyooshe na kola!"

Akaondoka akitukana. "Kesho mtanirudishia wenyewe, mbele ya wazee!"

Mama mdogo alitema damu na gamba moja la samaki. Akasema, "Mama, malizia gauni."

Bibi akamalizia. Kipande cha mgongoni hakikuwekwa. Kitambaa hakikutosha, alisema, nami nikainamisha kichwa, maana nilijua nani kamfikisha hapo.

Butiama, mama mdogo alikaa mkekani, khanga mabegani, mumewe ng'ambo na bega lililofungwa kitambaa. Wazee wakasema yale yale: uso mzima, arudi. Ikafika zamu ya chakula, na mtu wa kunawisha ni mwanamke. Alipoinua jagi, bibi akamwambia kwa sauti ya kawaida kabisa, "Khanga hiyo itakulowa. Nipe."

Akaivuta.

Unajua kunawisha kulivyo. Unainama mbele ya mzee mmoja, na mgongo wako unawatazama wengine wote. Alizunguka duara zima. Gauni lilimkaa kama amezaliwa nalo, na katika ile V mistari ya waya ilipishana, ya zamani myeusi, mipya bado ina maji. Yalisikika maji tu, yakidondoka kwenye beseni.

"Mtanisamehe, wazee wangu," bibi akasema. "Kitambaa kilipunguka. Kuna mtoto alichoma karatasi."

Alijua!

Baba yake yule mwanamume alikuwa wa mwisho kunawishwa. Hakunyoosha mikono. Alisimama, akamwendea mwanawe, akampiga mkongojo wa uso mara mbili, pua ikapasuka. "Huyu harudi," akasema. Nami, nakwambia ukweli, nilifurahia sauti ya mfupa ule. Mpaka leo naisikiaga, na mpaka leo sijui kama nitubu.

Yote hayo yamekwenda. Bibi yuko chini ya udongo, jirani pia, ua wa matete sasa ni ukuta wenye vigae vya chupa juu, na pasi ya mkaa nimeiona imepambwa kwenye meza ya hoteli, imewekewa maua. Mimi nimebaki na cherehani na kiuno kisichopimika.

Nikaifungua bahasha. Karatasi zote zilikuwemo, isipokuwa ya mgongo. Na katikati ya karatasi hizo, kimekunjwa mara nne, kilikuwepo kitambaa cha pembetatu, rangi ya damu ya mzee, kimekatwa, upindo umeshabanwa kwa pini. Pini zimeota kutu.

Nikampigia simu mama mdogo, yuko Bunda, anauza vitenge. Nikamwambia kitambaa kilitosha. Kipande kilikuwepo siku zote.

Nikasikia akimrudishia mteja chenji.

"Basi kilete ukishone," akasema. "Gauni bado ninalo. Siku hizi mgongo unasikiaga baridi."