Ukuta Penye Njia ya Malori

Siku Kalekye alipomzika mumewe Nzau, wanawake wa kule nyuma ya soko la Kithyoko walimshika mabega huku na huku wakingoja aanguke. Hakuanguka, wala hakulia. Alikuwa akimtazama mtu mmoja tu: Musili, mwenye malori, aliyesimama ng'ambo ya kaburi na kofia mkononi, akichungulia saa yake.

Nzau alikuwa mpakiaji wa mchanga. Kazi yenyewe ni koleo na kiuno. Wanaume huteremka katika mto Kavingo, mto wa msimu unaokauka mvua ikikatika, wakachimba mchanga na kuurusha juu ya lori mpaka lijae, kisha lori likaenda zake Thika au Nairobi kujenga maghorofa ya watu wasiowajua. Malori yalikuwa ya Musili, wanunuzi walikuwa wa Musili, na Musili ndiye aliyesema wachimbe wapi. Asubuhi ile aliwaambia wachimbe chini ya ukingo. Nzau akamwambia ukingo umepasuka.

"Kama unaogopa, rudi nyumbani ukapike," Musili akamjibu mbele ya wenzake.

Nzau akashuka. Ukingo ukamwangukia.

Wenzake walitupa makoleo, wakaanza kufukua kwa mikono. Hapo ndipo Musili alipofanya jambo ambalo Kalekye hakulisahau. Lori moja lilikuwa limejaa nusu. Akawaamuru waliokuwa wakilipakia waendelee, kwani dereva alikuwa amechelewa, na aliyefunikwa alikuwa na watu wa kutosha wa kumfukua. Wakaendelea. Nzau alipotolewa alikuwa amekwisha kukata roho, na lori lilikuwa limekwisha kuondoka.

Kesi haikufika popote. Musili alileta gunia la mchele matangani na kusema, "Ni mapenzi ya Mungu, Mama Linet." Wageni walipotawanyika, Kalekye aliufungua mchele ule akaumwaga uani. Kuku wakala mpaka wakachoka.

"Unapoteza chakula hivi?" jirani yake Nzisa akamuuliza, mikono kichwani.

"Sipotezi. Namkataa."

Baada ya hapo hakusema lolote tena. Alilima shamba lake la mahindi na mbaazi kando ya mto, akamsomesha binti yake Linet, na akikutana na Musili kanisani alimsalimu kwa adabu, akamuuliza hali ya watu wa nyumbani kwake. Watu wakasema, huyu mama ana moyo wa dhahabu, ameshasahau. Walisahau wao kwamba simba mwenda pole ndiye mla nyama.

Kisha zikaja mvua za 2024. Kavingo ulikuwa umekombwa mchanga mpaka ukabaki mwamba mtupu, na maji hayakuwa na kitu cha kuyapunguza mbio. Yalikuja yakiunguruma, yakala kingo za pande zote mbili. Shamba la Kalekye lilikwenda, jiko lake likalifuata, na familia zilizokaa karibu na mto zikahamia madarasani katika shule ya msingi, mtu na kuku wake na blanketi iliyolowa.

Waliofika wa kwanza hawakuwa serikali. Walikuwa Wakfu wa Mwethya. Mwethya, kwa Wakamba, ni majirani kukusanyika na kulimiana mashamba kwa zamu, na wakfu huo ulipata jina lake hapo. Ulianzishwa mjini Machakos na Peris, nesi mstaafu, pamoja na walimu na wafanyabiashara wachache, baada ya ukame mmoja uliowachosha kungoja wafadhili. Mwenye duka alitoa, mwenye kibanda cha nyanya alitoa, vijana walioajiriwa viwandani huko Athi River walitoa kila mwisho wa mwezi. Kwa hiyo maafa yalipotokea, hawakuanza kupitisha bakuli. Walipakia unga, maharagwe, mablanketi, ndoo na dawa ya maji, wakaja.

Peris alikuja mwenyewe, amekunja mikono ya sweta, amevaa gambuti za mumewe.

"Nani anajua nyumba zenye watu ambao hawawezi kufika hapa?" akauliza.

Kalekye alijua. Alimwongoza kwa njia za juu, wakavuka matope, wakamfikia bibi kipofu, wakamfikia mama aliyejifungua juu ya meza. Kufikia jioni Peris hakuuliza tena mtu mwingine kitu. "Hatugawi kwa kelele, tunagawa kwa shida," alimwambia, na Kalekye akalishika neno hilo. Maji yalipopungua, watu wakamchagua kukaa katika kamati ya kijiji ya wakfu.

Mkutano wa kwanza wa kamati ulifanyika katika darasa la nne, kuta zikiwa bado na alama za matope. Peris akasema, "Unga mtakula uishe. Sasa mnataka tuwaachie nini?"

Mmoja akasema mabati, mwingine barabara. Kalekye akasimama.

"Bwawa la mchanga," akasema.

Hakuna aliyehitaji kuelezwa. Ukambani kote watu wanayajua mabwawa hayo: ukuta wa zege hukatiza mto wa msimu, mafuriko huleta mchanga ukajaa nyuma yake, na mchanga huo huyaficha maji tumboni mwake mpaka kiangazi. Ukifukua, unateka. Na kingo hutulia. Wakakubaliana: wakfu ulete simiti, nondo na fundi, wananchi walete mawe na jasho.

Injinia wa wakfu, Reuben, alikagua mto akapata mahali pawili panapofaa. Pa kwanza palikuwa kwenye kona, juu ya kanisa. Pa pili palikuwa kwenye mwamba, penye njia ya malori.

"Pa kanisani ni rahisi kidogo," Reuben alisema.

"Lakini shule iko upande wa mwamba," Kalekye akasema. "Na akina mama wengi. Watatembea kidogo."

Ilikuwa kweli, na Reuben akakubali. Kulikuwa na kweli nyingine ambayo Kalekye hakuitamka. Kwingine kote kingo za Kavingo zilikuwa za wima na zenye miamba. Lori lingeweza kushuka mtoni hapo tu. Ukiweka ukuta hapo, umeuziba mdomo wa biashara ya Musili.

Musili naye alikuwa na hesabu zake. Alitaka kugombea uwakilishi wa wadi, na baada ya mafuriko watu walikuwa wakinong'ona kwamba uchimbaji wake ndio uliowaletea balaa. Alihitaji kuonekana akitenda wema. Aliposikia habari za ukuta, akaja kwa Kalekye kwa miguu yake.

"Mama Linet, nasikia mnajenga pale kwa njia yangu."

"Pale pale, Mzee Musili. Karibu chai."

"Sasa hiyo ni kama drifti, ya kuvukia mto? Malori yangu yatapita juu?"

Kalekye alimmiminia chai, akaongeza sukari. "Kitu cha zege kabisa, Mzee. Kuna nini cha kushindwa kupita juu yake?"

Musili akacheka, akakaa vizuri. "Basi malori yangu yatabeba mawe yote. Na simiti kutoka mjini. Bure! Lakini watu wajue ni mimi."

"Watajua," Kalekye akasema. "Hilo niachie mimi."

Alipoondoka, Kalekye alikiosha kikombe chake, akakiosha tena, kisha akakipeleka kwa kuku kiwe cha kunywea maji.

Kazi ikaanza. Wanawake walipanga foleni kutoka kilimani mpaka mtoni wakipokezana mawe na kuimba, mafundi wakasuka nondo, na malori ya Musili yakashusha shehena moja baada ya nyingine. Kalekye aliwapelekea madereva uji. Kila jiwe lililoshuka lilimpa utamu fulani kifuani, utamu ambao hakuwahi kuupata hata kanisani.

"Kwa hivyo umemsamehe?" Nzisa alimuuliza.

"Beba jiwe, Nzisa."

Siku ya kuuzindua ukuta, Musili alivaa suti ya kijivu. Alihutubu kwa muda mrefu kuhusu maendeleo na moyo wa kujitolea, akapigiwa makofi na vigelegele. Kabla ya sala ya mwisho, Kalekye alisimama kushukuru kwa niaba ya kamati.

"Mzee Musili ametubebea mawe yote haya," akasema, na watu wakapiga makofi tena. "Hakuna asiyejua sasa. Kwa hivyo naomba awe wa kwanza kuinua mkono, sote tuape pamoja: mchanga ulio nyuma ya ukuta huu hautaguswa na koleo la mtu yeyote, na lori halitashuka hapa tena."

Makofi yakakatika. Musili aliutazama ukuta kana kwamba ndio kwanza anauona: ulivyosimama wima katikati ya njia yake, mwembamba kiasi kwamba hata punda angesita kuupita.

"Mama Linet," akasema kwa sauti ya chini, "hayo hatukuongea."

"Hatukuongea. Hata Nzau alipofunikwa hapa, hukuongea naye. Uliongea na dereva. Ulimwambia nini, Mzee?"

Mama mmoja nyuma akainua mkono. Akainua mwingine. Mikono ikawa mingi kama mahindi shambani, na ya wapakiaji wachache ikiwa humo. Musili akainua wake polepole, kama mtu anayeinua gunia lililolowa.

Peris alimvuta Kalekye kando kabla chakula hakijapakuliwa.

"Ulikuwa umepanga hii?"

"Ii, Sista. Tangu mwanzo."

"Ukuta ungekuwa mahali pabaya, ningekufukuza leo hii. Uko mahali pazuri. Lakini umetumia mwethya wa watu kumpigia adui yako, na haukuwa wako peke yako. Na wale vijana waliokuwa wakila kwa koleo, umewafikiria?"

Kalekye hakuwa amewafikiria.

Mvua za Novemba zikaja, mto ukashuka na mchanga wake, ukajaa nyuma ya ukuta. Wakati huo Nzisa alikuja nyumbani kwa Kalekye, asikae alipokaribishwa.

"Mume wangu amekwenda Mlolongo kutafuta kibarua. Analala kwa sakafu ya ndugu yake. Wewe umemlipa Musili, sawa. Na sisi? Sisi ndio tulimuua Nzau?"

"Mume wako alikuwa juu ya lile lori," Kalekye akasema. "Alisikia Nzau yuko chini ya mchanga, akaendelea kupakia."

Nzisa alishika fremu ya mlango. "Alikuwa na njaa," akasema mwishowe. "Nilikuwa na mtoto mgongoni, nyumbani hakuna unga. Kila siku anaota hiyo siku. Wewe ungejua aje? Hujawahi kumuuliza."

Akaondoka. Kalekye alibaki amesimama, hasira ikimrukaruka kifuani bila kupata pa kutua.

Wakfu haukungoja wapatane. Peris aliwaita wapakiaji, akasikiliza matusi yao mpaka yakaisha, kisha akarudi Machakos na kuwaeleza wenzake wazi kwamba msaada wao ulikuwa umewanyima watu kazi. Wakaleta pampu, mipira ya maji na miche ya nyanya na sukuma wiki. Mwenye shamba kubwa kando ya ukuta akakubali ligawiwe kwa misimu michache. Kamati ndiyo iliyogawa vipande. Mume wa Nzisa aliporudi kutoka Mlolongo alijikuta amepewa cha mwisho kabisa, chenye mawe matupu. Kamba ya kupimia ilikuwa mikononi mwa Kalekye.

Peris alipotembelea, alikiangalia kipande kile, akamwangalia Kalekye.

"Tunagawa kwa nini, Mama Linet?"

"Kwa shida," Kalekye akajibu, uso umemkunjamana.

Siku ile ile akampa mume wa Nzisa kipande chake mwenyewe, chenye udongo mweusi, akachukua cha mawe. Lakini hakumsalimu. Mume wa Nzisa naye hakujaribu kusalimu. Alianza tu kusaidia kuondoa mawe katika kipande kipya cha Kalekye, jioni baada ya jioni, bila kuombwa, na Kalekye alimwacha aendelee.

Kiangazi kilipokaza, visima vya juu vilikauka, na Musili akaja kwenye ukuta na mitungi. Alikuwa ameuza lori moja, na yaliyobaki ameyahamishia mto mwingine, mbali huko chini. Kalekye ndiye aliyekuwa zamu kwenye pampu.

"Umefurahi sasa?" Musili akamuuliza.

"Maji ni ya wote. Teka."

"Nimekuuliza, umefurahi?"

Kalekye alifikiri. "Kidogo," akasema. "Ungeomba msamaha, labda ningekuwa nimechoka kukuchukia. Hujaomba."

Musili akateka maji yake, akaenda.

Hazikupita wiki nyingi, wanakijiji wa huko chini, alikohamia na malori yake, wakaja katika ofisi ya wakfu mjini Machakos. Mto wao unakombwa, wakasema, na kingo zimeanza kupasuka. Walitaka ukuta, na mtu wa kuwaonyesha namna ya kuanza.

Kalekye, aliyekuwa amekuja na ripoti ya kamati, alikuwa ameketi nyuma. Alisimama kabla hawajamaliza kueleza.

Peris akavua miwani. "Safari hii unakwenda kwa ajili ya nani?"

"Kwa ajili ya maji, Sista." Kisha, kwa kuwa Peris hakuwa mtu wa kudanganywa, akaongeza, "Na kwa ajili ya Nzau."

Peris alimtazama kwa muda, akawatazama wale wageni na vumbi la njia miguuni mwao.

"Reuben atakuwa nawe, na yeye ndiye atakayechagua mahali," akasema. "Na hao wapakiaji wa huko, utaongea nao kwanza, kabla ya mtu kubeba jiwe. Vaa viatu vya maana. Kule miamba ni mikali."